Gari inatetemeka ikiwa sailensa na mashine inatoa P0171: soma namba mbili kabla hujanunua sensa ya oksijeni

Mleta uzi

Habari za majukumu wakuu.

Uzi huu ni kwa wenye magari ya petroli ya nozo, yaani yasiyo ya kabureta, hasa haya madogo ya Kijapani ambayo wengi wetu ndiyo tunayaendesha hapa Dar: IST, Raum, Vitz, Spacio, Premio na ndugu zao. Barabarani gari inakwenda vizuri. Ukisimama kwenye taa za Magomeni sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) haitulii, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, usukani unatetemeka, ukiwasha AC inataka kuzima. Siku moja taa ya injini inawaka, unapeleka kupima kwenye mashine, inatoka P0171, kodi (namba ya kosa) inayosema hewa imezidi petroli.

Kinachofuata wengi mnakijua. Unaambiwa sensa ya oksijeni imekufa. Inafungwa nyingine ya mtumba, kodi inafutwa, unaondoka umefurahi, wiki haiishi taa imerudi. Zinafuata plagi, zinafuata koili, nozo zinaoshwa. Hela iliyokuwa ya ada ya mtoto imeishia kwenye maduka ya spea ya Gerezani na gari bado inatetemeka. Hili linaniuma kwa sababu mara nyingi ugonjwa wenyewe ni mpira uliopasuka, na ungeonekana mapema kama mtu angesoma namba badala ya kufuta kodi.

Tuanze na P0171 yenyewe. Injini ya petroli inataka hewa yenye uzito wa 14.7 kwa kila petroli yenye uzito wa 1. Kompyuta ya gari inapima hewa inayoingia, inapiga hesabu ya petroli ya kumwaga, halafu inaisikiliza sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi ijue kama hesabu imetoka sawa. Sensa ikisema oksijeni imebaki nyingi, kompyuta inaongeza petroli. Ikisema imebaki kidogo, inapunguza. Hayo marekebisho yanahesabiwa kwa asilimia, na mashine inayaonyesha kwa jina la trimu. Kuna trimu ya muda mfupi, inayocheza kila sekunde, na trimu ya muda mrefu, ambayo ni kumbukumbu ya kile kompyuta ilichojifunza kwa kuendesha. Gari isiyo na ugonjwa inakaa karibu na sifuri, tano juu au tano chini. Hata kumi si ya kukukosesha usingizi. P0171 inakuja pale kompyuta inapokuwa imeongeza petroli karibu robo nzima juu ya hesabu yake, na bado sensa inalia kwamba hewa imezidi.

Kwa hiyo sensa imefanya kazi yake, imetoa taarifa, na ndiyo inayong'olewa. Sensa ya oksijeni ya mbele ikifa kweli, kwa kawaida inaleta kodi zake yenyewe, kuanzia P0130 hadi P0135. Ukiona P0171 peke yake, anza kwa kuamini kwamba sensa inasema kweli, na utafute hewa inaingilia wapi au petroli inapungukia wapi.

Namba mbili ninazozisema ni hizi. Injini ikishapata moto, AC imezimwa, taa zimezimwa, jumlisha trimu ya muda mfupi na ya muda mrefu gari ikiwa sailensa. Andika. Kisha kanyaga mafuta ushikilie mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa nusu dakika hivi, jumlisha tena, andika.

Kama ni kubwa kwenye sailensa na inashuka kwenye 2,500, kuna mahali hewa inaingia bila kupimwa, baada ya sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia. Sababu ni hesabu tu. Injini ya lita 1.5 ikiwa sailensa inavuta gramu 2 hivi za hewa kwa sekunde. Tuseme ufa unaingiza nusu gramu. Hiyo ni robo ya hewa iliyopimwa, ndiyo maana trimu inakwenda 25. Ukikanyaga hadi 2,500, injini inavuta gramu 7 au 8 na ufa ni ule ule, nusu gramu ile ile. Sasa ni asilimia 6 au 7 tu, kompyuta inaimudu bila shida. Ndiyo maana gari inatetemeka kwenye foleni ila ikifika Bagamoyo Road pameachia inakuwa kama haijawahi kuumwa.

Kama ni ndogo kwenye sailensa na inapanda kadiri unavyokanyaga, acha kutafuta ufa. Hapo petroli haitoshi, au MAF imechafuka na inahesabu hewa pungufu.

Karibuni tuchangie. Mwenye namba zake aziweke hapa tuzisome pamoja.

Mwenye Raum, Kigamboni

Asante sana mkuu, huu uzi umenikuta kwenye shida yenyewe. Raum ya injini 1NZ. Asubuhi ikiwa ya baridi inatetemeka sana, nikiwa kwenye foleni ya pantoni naogopa hata kuizima isije ikagoma. Plagi mpya, eya klina mpya. Nimeambiwa ninunue sensa ya oksijeni, bado sijatoa hela. Nimepima sasa hivi kwa jirani mwenye mashine:

Sailensa: fupi +8, ndefu +20.
2,500: fupi +1, ndefu +5.

Kodi ni P0171 peke yake.

Mleta uzi

Dada, hizo namba zinasoma vizuri mno. 28 kwenye sailensa, 6 kwenye 2,500. Hiyo ni hewa inayoingia kinyemela, hela ya sensa ibaki mfukoni.

Anza na macho na mkono kabla ya kitu kingine. Zima injini, ipoe. Shika ule mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la eya klina kwenda kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Una mikunjo. Ikunjue mmoja mmoja kwa vidole huku unamulika na tochi, kwa sababu ufa unakaa chini ya mkunjo ambako jicho halifiki. Halafu fuata mipira midogo yote inayoingia kwenye manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda): wa PCV unaorudisha mvuke wa oili, wa hidrovaki inayosaidia breki, wa mvuke wa petroli wa tangi. Joto la Dar linaikausha hii mipira ikawa migumu, ukiiminya inalia kama biskuti. Mpira wa PCV ndio ninaoushuku kuliko yote, kwa sababu mvuke wa oili unaupitia muda wote, ukutani unalainika na kwenye kona unapasuka, tena upande wa chini.

Kama macho hayajaona kitu, washa injini, iache sailensa, weka mashine kwenye trimu fupi. Chukua plaizi, ifunge kitambaa isikate mpira, bana mpira mmoja mmoja. Ukibana mpira fulani na trimu ikaporomoka na sailensa ikatulia au ikabadilika ghafla, hewa inaingilia kwenye huo mpira au kule unakoelekea. Ukibana wa hidrovaki na hali ikabadilika, hidrovaki yenyewe au mpira wake unavuja, na hilo ni suala la breki, lisisubiri mwisho wa mwezi. Ukibana wa mvuke wa tangi na ikatulia, vali yake imekwama wazi. Ni kifaa kidogo ambacho mafundi wengi hawakigusi kabisa.

Fundi umeme wa magari, Tabata

Mkuu umeeleza vizuri, naomba niongeze mambo mawili yanayowapoteza hata mafundi wenzangu.

La kwanza, misi (silinda kutochoma) na P0171 zikija pamoja. Silinda moja isipochoma, oksijeni yake yote inatoka kwenye ekzosi bila kutumika. Sensa haijui kama silinda imekufa, yenyewe inaona oksijeni tu, inasema hewa nyingi. Kompyuta inaongeza petroli kwenye silinda zote, hata zilizokuwa nzima. Kwa hiyo ukikuta P0301, kodi ya misi ya silinda ya 1, pamoja na P0171, malizana na misi kwanza. Hamisha koili ya silinda ya 1 uifunge ya 3, ya 3 uilete ya 1. Futa kodi, endesha. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu, umeithibitisha bila kununua chochote. Ikibaki P0301, hamisha plagi kwa mtindo huo huo. Ikigoma kuhama, hapo ndipo unafikiria nozo na kompresheni.

La pili, tafadhali msikubali fundi akate betri au afute kodi kabla ya kusoma trimu. Ukikata betri ile kumbukumbu ya muda mrefu inarudi sifuri na ushahidi wote umepotea. Mteja anakuja hapa amekatiwa betri asubuhi, namba zote nzuri, gari inatetemeka. Inabidi aendeshe kwanza mpaka ugonjwa ujiandike upya. Na pamoja na kodi huwa kuna picha ya hali ya gari wakati kodi inaingia: joto la injini, mizunguko, mwendo, mzigo. Ukiifuta kodi na picha imekwenda.

Mwenye IST, Goba

Mkuu mimi nina kile kifaa kidogo cha bluutuusi cha Kariakoo, cha kuchomeka na kusoma kwenye simu. Kwenye IST yangu ya 2003 hakikubali, kinazunguka tu. Na gari yangu inatetemeka zaidi nikiwa kwenye D nimekanyaga breki. Nikiweka N inatulia. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Je na mimi ni hewa?

Mleta uzi

Kaka, kifaa chako hakina kosa. Kinasoma lugha ya mfumo wa OBD2, uliolazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia 1996. Gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina tundu lile lile ila lugha ni nyingine. Tafuta fundi mwenye mashine inayochagua Toyota ya Japani, itasoma.

Ila kwa dalili zako mimi sianzi na hewa. Inatetemeka kwenye D ukiwa umekanyaga breki, inatulia kwenye N, taa haijawaka: hiyo ni mauntingi, mipira inayoshikilia injini kwenye bodi, mpaka uthibitishe vingine. Barabara za huko Goba zilizokatwa na mvua zinaua mauntingi haraka. Fungua boneti, mtu mmoja asimame pembeni, wewe kanyaga breki kwa nguvu, weka D kisha R, gusa mafuta kidogo sana. Injini ikiruka kwa kiasi cha kuonekana, umepata jibu. Anayeangalia asisimame mbele ya gari hata kidogo.

Kutetemeka na kumisi ni vitu viwili, na inafaa kuvitenganisha mapema. Mauntingi mbovu inapitisha mtetemo wa kawaida wa injini mpaka kwenye bodi, wakati injini yenyewe inachoma vizuri na mshale wa mizunguko umetulia. Misi inauchezesha mshale, na ukisikiliza kwenye ekzosi utasikia pigo linaruka.

Ila usiiache hivyo. Injini inayoruka inavuta ule mpira mkubwa wa hewa kila unapoondoka kwenye taa, na mikunjo inapasuka. Mwaka huu ni mauntingi, mwakani ni P0171. Ukibadilisha mauntingi kagua na huo mpira.

Mkongwe wa Ilala

Vijana mnaongea vizuri sana lakini mnasahau mafuta. Mimi nimeendesha gari mji huu tangu enzi za kabureta. Ukijaza kituo kibaya gari inatetemeka hata ikiwa mpya. Mafuta ya taa yalikuwa yanachanganywa kwenye petroli waziwazi. Msiwapeleke watu kwenye mipira tu.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Usemalo ni kweli na lina historia. Uchakachuaji ule ndio uliowafanya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, waanze kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Maji nayo yanaingia kwenye matangi ya ardhini, hasa masika.

Lakini mafuta mabaya yana tabia yake mzee. Yanakuja ghafla, mara tu baada ya kujaza. Gari inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, inagonga ukipanda mlima, na shida iko kote, kwenye sailensa na kwenye mwendo. Haianzi taratibu ikazidi mwezi hadi mwezi, wala haiponi ukikanyaga hadi 2,500. Mwenye Raum hapo juu amepata 28 na 6. Petroli ni ile ile kwenye sailensa na kwenye 2,500, kwa hiyo mafuta mabaya hayawezi kuzitoa namba hizo. Ila mtu aliyejaza juzi na gari imebadilika jana, namshauri kama unavyoshauri wewe: akamulie mafuta kidogo kwanza kwenye chombo cha kioo, ayaache yatulie, aone kama maji yanajitenga chini.

Dereva wa mtandaoni, gari ya gesi

Wakuu naomba na sisi wa gesi mtukumbuke. Spacio, nimefungiwa mfumo wa gesi, nafanya kazi ya mtandaoni mchana kutwa. Kwenye gesi inatetemeka kidogo, nikirudisha kwenye petroli inatetemeka zaidi, na P0171 inakuja na kuondoka. Fundi gesi ananiambia niende kwa fundi injini, fundi injini ananirudisha kwa fundi gesi.

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu, hili swali ni la watu wengi mjini sasa hivi na linastahili jibu refu.

Gari ikifungwa gesi, manifodi inatobolewa matundu, moja kwa kila silinda, kinafungwa kichuchu cha chuma, na mpira unatoka hapo kwenda kwenye reli ya nozo za gesi. Kila kichuchu ni mahali pa kuvuja. Manifodi nyingi za sasa ni za plastiki. Nyuzi zikikatwa vibaya au gundi ikikauka kwa joto, hewa inaingia pembeni ya kichuchu. Mipira yenyewe nayo inalegea kwenye kilipu. Kwa hiyo pa kwanza kabisa ni hapo kwenye vichuchu vinne, kabla ya gasketi ya manifodi. Jaribu kwa mkono injini ikiwa imezimwa: kichuchu kisizunguke. Mpira usivutike.

Ya pili ni hesabu. Mifumo mingi ya sasa haina akili yake kamili. Inachukua muda ambao kompyuta ya gari ingefungua nozo za petroli, inauzidisha kwa ramani yake, inafungua nozo za gesi. Gesi asilia inataka hewa kama 17.2 kwa 1, tofauti na petroli. Ramani ikisetiwa vibaya, kompyuta ya gari inasahihisha kwenye trimu bila kujua kwamba inachoma gesi, na yale marekebisho ya muda mrefu yanabaki hata ukirudi kwenye petroli. Ndiyo maana upande mmoja unaharibu mwingine na mafundi wanarushiana mpira.

Fanya hivi. Endesha petroli tupu kwa muda wa kutosha gari ijifunze upya, kisha pima namba zako mbili ukiwa kwenye petroli. Zikiwa nzuri, injini yako ni nzima, peleka karatasi ya namba kwa fundi gesi asahihishe ramani, na asiifunge laptopu mpaka trimu za gesi zimekaribia zile za petroli. Zikiwa mbaya kwenye petroli, na mbaya zaidi kwenye sailensa, rudi kwenye vichuchu. Ukienda na namba zilizoandikwa hakuna atakayekurudisha kwa mwenzake.

Dereva wa mtandaoni, gari ya gesi

Kichuchu cha silinda ya 2 kinazunguka kwa vidole mkuu! Nimekishika sasa hivi niko kijiweni. Nakwenda kwa fundi gesi kesho asubuhi kabla sijawasha programu.

Fundi umeme wa magari, Tabata

Safi sana. Na mwambie asiishie kukaza. Akitoe, asafishe nyuzi, aweke gundi ya nyuzi inayostahimili petroli na joto. Na chembe za plastiki zisiingie ndani ya manifodi wakati anasafisha, zinakwenda moja kwa moja kwenye vali.

Mwenye Raum, Kigamboni

Wakuu nimerudi. Mpira mkubwa wa hewa ni mzima. Nimebana mpira wa hidrovaki, hakuna mabadiliko. Wa mvuke wa tangi, hakuna. Wa PCV nilipoubana trimu fupi imeshuka kidogo tu, kutoka +8 hadi +4, bado inatetemeka. Kuna jamaa anataka anyunyizie dawa ya kusafishia kabureta kwenye manifodi asikilize. Nimemwambia asubiri kwanza niulize.

Mleta uzi

Umefanya vyema kumsimamisha dada. Ile dawa inawaka, na hapo chini kuna ekzosi ya moto na cheche za umeme. Magari yameungua hivyo. Tumia maji kwenye chupa ya kunyunyizia, tena kidogo, uelekeze kwenye maungio ya manifodi na kichwa cha injini, silinda moja baada ya nyingine. Epuka koili na soketi za umeme. Maji yakifika kwenye ufa yanauziba kwa sekunde moja au mbili, sailensa inabadilika na trimu inashuka. Gereji yenye mashine ya moshi itafanya vizuri zaidi: wanajaza moshi kwenye manifodi kwa msukumo mdogo, usiozidi psi 1, na moshi unatokea penye ufa. Ukiipata, ilipie. Inamaliza ubishi.

Umesema asubuhi ikiwa ya baridi ndiyo inatetemeka sana. Hiyo inanipeleka kwenye gasketi ya manifodi. Ni ya mpira, ikizeeka inakuwa ngumu na kusinyaa. Asubuhi manifodi ikiwa ya baridi inaacha upenyo, ikipata joto kila kitu kinatanuka na upenyo unajibana. Wenye injini ya 1ZZ wanaijua vizuri hadithi hii. Na kwa kuwa ule mpira wa PCV umeishusha trimu nusu, huenda una vitu viwili kwa pamoja, jambo la kawaida kabisa kwa gari ya umri huu. Pima asubuhi, injini ikiwa haijawashwa tangu usiku.

Mkongwe wa Ilala

Na anaponunua gasketi amwambie muuzaji namba ya injini, siyo "gasketi ya Raum". Halafu wakifungua manifodi wakaze boliti kwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo. Plastiki ukiikaza upande mmoja inapinda, utakuwa umenunua tatizo jipya.

Mwenye Raum, Kigamboni

Asante mzee wangu, shikamoo. Leo asubuhi tumenyunyizia maji ikiwa ya baridi. Silinda ya 4, upande wa chini, sailensa ilitulia palepale kisha ikaanza tena kutetemeka. Tumefungua. Gasketi imekuwa ngumu kama plastiki, na mpira wa PCV ukiukunja una ufa upande wa ndani ambao kwa juu hauonekani. Vyote viwili vimebadilishwa. Sensa ya oksijeni haijaguswa.

Namba baada ya kufuta kumbukumbu na kuendesha kwenda Kibada na kurudi:

Sailensa: fupi +1, ndefu +2.
2,500: fupi 0, ndefu +2.

Nimewasha AC nikiwa kwenye D, mshale umeshuka kidogo, ukarudi ukatulia.

Mleta uzi

Hongera sana dada! Hizo ni namba za gari nzima. Baada ya wiki chache pima tena ndefu peke yake, iwe bado chini ya tano. Na chomoa plagi mojamoja uangalie: silinda ya 4 iliyokuwa inachoma kwa hewa nyingi huenda plagi yake imepauka kuliko wenzake. Kama ncha haijayeyuka, irudishe.

Mwenye Noah, Bunju

Mkuu na mimi nimepima. Kwangu ni kinyume: sailensa jumla +3, 2,500 jumla +13, nikipanda mlima wa Kimara na abiria inafika +22 na nguvu inakata. Sailensa imetulia kabisa. Nilikuwa nataka nibadilishe gasketi kama ya dada.

Mleta uzi

Usibadilishe gasketi kaka. Yako inapanda na mzigo, kwa hiyo ni petroli pungufu au MAF. Anza na MAF kwa sababu ni rahisi: ifungue, ipulizie dawa maalumu ya MAF, usiiguse kwa brashi wala kitambaa, wala usitumie dawa ya kabureta. Iache ikauke yenyewe kabla ya kuifunga. Angalia pia kama eya klina imekaa sawa kwenye boksi, vumbi likipita pembeni ndilo linaloganda kwenye ule waya.

Namba zisiposhuka, pima presha ya mafuta kwa geji. Kwa mfano 1NZ inatakiwa iwe kati ya kilopaskali 304 na 343, karibu psi 44 hadi 50, ya kwako uitafute kwa namba ya injini yako. Usipime sailensa tu, kwa sababu pampu iliyochoka inaweza kusoma vizuri hapo na ikaanguka kwenye mzigo. Na kama sensa yako ya mbele ni ya volti za kawaida, iangalie ukiwa umekanyaga hadi mwisho kwenye mlima: inatakiwa ipande juu ya 0.8. Ikibaki chini, petroli haifiki. Hapo unafungua tangi, unaangalia chujio la kwenye pampu kwanza kabla ya kununua pampu.

Mwenye Noah, Bunju

Waya wa MAF ulikuwa na koti la vumbi. Nimeusafisha, mlima ule ule, abiria wale wale: +9. Nguvu imerudi. Geji nitaipata Jumamosi, nitaleta presha hapa.

Mleta uzi

Vizuri. +9 kwenye mzigo bado iko juu kidogo, kwa hiyo ile presha ilete kweli, tujue kama chujio la kwenye tangi nalo lina lake.